Orodha ya Mlangoni

Orodha ilibandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji Desemba ya mwaka 2010. Kurasa nne zilizochanwa kutoka kwenye kaunta buku, mwandiko wa mtu mmoja, mistari iliyopigwa kwa rula. Juu kabisa iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba hawa ndio wanufaika wa vocha za pembejeo kwa msimu wa 2010/11. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani likizo. Jirani yetu, mama mjane aliyelima ekari moja na nusu upande wa chini wa kijito, alinikuta nimesimama hapo akaniomba nimsomee, maana yeye hakusoma shule.

"Soma yote, mura," alisema. "Usiruke."

Nikasoma. Jina la kumi na nne lilikuwa la baba yangu. La kumi na tano la baba mdogo. Nikaendelea hadi ukurasa wa nne, hadi sahihi na mhuri. Jina lake halikuwepo.

"Soma tena."

Nikasoma tena, safari hii polepole, nikishusha sauti nilipofika kumi na nne. Alipoona nimemaliza alikaza khanga kiunoni, akashukuru, akaondoka. Hakuniuliza chochote kuhusu jina la kumi na nne. Hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu shamba letu alikuwa akilipita kila siku akienda kisimani, na alijua lilikuwa na ekari sita.

Kijiji nakiacha bila jina. Kiko Tarime, upande wa Nyanungu, ambako mashamba ya mahindi, mihogo na ulezi yanasogea mpaka yanakaribia Hifadhi ya Serengeti upande mmoja na ardhi ya Kenya upande mwingine. Huko serikali hufika kwa vipande: mtendaji, mgambo, askari wa wanyamapori, na kila baada ya miaka kadhaa mfuko wa mbolea.

Mfuko huo una historia ndefu kuliko vocha. Kuanzia miaka ya 1970 mbolea ilikuwa jambo la taifa. Kiwanda cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972. Baada ya Operesheni Vijiji na njaa ya 1973 na 1974, Mpango wa Taifa wa Mahindi uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulipeleka mbegu na mbolea kwenye vijiji vilivyokuwa vimetoka kuundwa. Bei ilipangwa na serikali, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na hazina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ilifikia karibu asilimia 80 ya bei. Kisha ikapunguzwa mwaka hadi mwaka chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi, na kufikia msimu wa 1994/95 ilikuwa imekwisha kabisa.

Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyepewa ruzuku kwa jina lake. Fedha zilikwenda kwa kiwanda, kwa shirika la umma, kwa chama cha ushirika, na mkulima alikuta bei imeshuka bila kujua nani ameishusha wala kwa kiasi gani. Iliporudi mwaka 2003 ilikuja kwa sura hiyohiyo. Serikali ilifidia gharama za kusafirisha mbolea, ikianza na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Mfanyabiashara alilipwa kwa kupeleka mzigo, na ilitazamiwa kwamba atauza kwa bei nafuu. Mtu akiuliza nani amefaidika, jibu lilikuwa jina la kampuni na idadi ya tani. Mkulima mmoja mmoja hakuwa na pa kuonekana kwenye hesabu hiyo, na kwa hiyo hakuwa na pa kusimama akasema kwamba hakupata.

Ndiyo maana vocha zilikuwa mapinduzi, hata kama watu wengi wanazikumbuka kwa kuzilalamikia. Bei ya mbolea ilipopaa duniani mwaka 2007 na 2008, na Malawi ilipokuwa imekwisha kuonyesha kwamba kuponi zinaweza kujaza maghala, Tanzania ilianza mpango wa taifa wa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/09. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 160 kuuongezea nguvu, nao ukapanuka hadi karibu mikoa yote ya Bara. Mpaka unafikia kikomo msimu wa 2013/14 ulikuwa umegusa wakulima zaidi ya milioni 2.5 na kumeza zaidi ya dola milioni 300.

Utaratibu wake niliujua kabla sijaweza kuueleza, kwa sababu uliendeshwa sebuleni kwetu. Kila mnufaika alipata vocha tatu: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia, za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei. Nusu nyingine mkulima aliongeza mfukoni mwake. Alikwenda kwa wakala, akatia sahihi, akabeba mfuko, na wakala akapeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Aliyestahili ni mkulima mdogo mkazi wa kijiji, anayelima mahindi au mpunga chini ya hekta moja, na kipaumbele kilikuwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia mbolea kwa miaka mitano iliyopita.

Na nani wa kuamua kwamba fulani anastahili? Kamati ya vocha ya kijiji, wanawake watatu na wanaume watatu waliochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kamati iliandika majina kwa kushauriana na serikali ya kijiji, majina yakasomwa mbele ya watu, orodha ikabandikwa. Msingi wake ulikuwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, inayoufanya mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi kuwa chombo kikuu cha kijiji. Kwa maneno mengine, waliotunga mpango walikuwa wamefikiri sawasawa kwamba ofisa wa Dodoma hawezi kujua nani Nyanungu analima ekari moja na nani analima sita, ila jirani anajua.

Baba yangu alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Baba mdogo alikuwa na rafiki kwenye kamati. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu, nasi tulikuwa na sita. Vocha zilipofika, ya mbegu ilitumika. Ile ya mbolea ya kukuzia baba aliisaini kwa wakala mmoja, hakuchukua mfuko, alichukua fedha taslimu pungufu ya thamani ya vocha. Wakala aliipeleka vocha kama kawaida na kulipwa kama kawaida. Karatasi zote zilionyesha kwamba mfuko wa urea umetoka dukani ukaenda shambani. Fedha zile zilikuwa sehemu ya ada yangu ya muhula wa kwanza wa kidato cha nne. Sikuambiwa. Nilijua tu, kama mtoto anavyojua mambo ya nyumba yao.

Mwaka 2012 watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walichapisha makala kuhusu vocha za mwaka 2009 katika mkoa wa Kilimanjaro. Walikuta kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Nilipoisoma mara ya kwanza, chuoni, niliona haya kama mtu aliyekutwa dirishani. Kilimanjaro, mkoa wa shule na barabara, mkoa ambao sisi wa Mara tulizoea kutajiwa kama mfano! Baada ya hapo nilianza kujiuliza swali ambalo namba ile hailijibu: orodha zile hazikuwa za siri. Zilisomwa, zikabandikwa. Kila aliyepita aliona nani amejiandika. Kwa nini basi hakuna aliyesema?

Kwetu swali hilo lina uzito wa pekee, maana Wakurya tuna sifa ya kusema. Tuna baraza la wazi liitwalo iritongo, ambapo watu hukaa chini ya mti na mambo ya jamii hujadiliwa mbele ya wote. Wizi wa ng'ombe ulipozidi, ni hapo ambapo waliotuhumiwa walitajwa kwa majina, na sungusungu waliotokea Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipofika kwetu walikuta desturi hiyo iko tayari. Si kila aliyetajwa alikuwa mwizi, na wapo walioumizwa bure. Lakini kitu kimoja kilieleweka: aliyetaja alisimama akaonekana, na aliyetajwa alijibu hapohapo. Upande mwingine tuna inchama, wazee wa mila wanaokutana faraghani, ambao maamuzi yao yanaheshimiwa pengine kwa sababu hiyohiyo ya kutoonekana yanavyofikiwa. Mtu aliyekulia kati ya hayo mawili anajua tofauti ya jambo lililowekwa wazi na jambo lililotangazwa tu. Inchama nao hutangaza.

Orodha ya vocha ilivaa nguo za iritongo, lakini ilifanya kazi kama tangazo la inchama. Nilikuwepo siku iliposomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mtendaji alisoma majina kwa kasi, kama anayesoma sala aliyoizoea, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Kulikuwa na ukimya, halafu mzee mmoja akauliza kuhusu lambo la mifugo. Jirani yetu alikuwa amekaa mstari wa mbele pamoja na wanawake wengine. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye meza kuu.

Sasa hebu tumfikirie mama yule. Angesimama akauliza kwa nini mwenye ekari sita ameandikwa, angekuwa anamuuliza mtu ambaye wiki ijayo atahitaji sahihi yake. Akitaka kuuza ng'ombe anahitaji kibali kinachoanzia kijijini. Mtoto akienda sekondari anahitaji barua. Mpaka wa shamba ukigombewa, baraza linakaa chini ya watu walewale. Mwaka una siku 365, vocha ni jambo la siku mbili. Kuandikwa ukutani hakukuondoa deni la siku nyingine zote. Nadhani hapa ndipo wanaosifu uwazi hukosea hesabu. Wanahesabu gharama ya kupata habari na kusahau gharama ya kuitumia. Habari yenyewe mama yule alikuwa nayo tangu zamani, bure, kwa kupita njia ya kisimani.

Na kulikuwa na tatizo jingine, ambalo halikuhusu ujanja wa mtu yeyote. Fomu iliuliza jina la mkuu wa kaya. Katika mji wa Kikurya, mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na kila nyumba ina shamba lake, ghala lake na watoto wa kulishwa kutoka humo. Fomu iliona kaya moja na kuandika jina la mume. Vocha moja ya ekari moja ikaingia katika mji wenye wakulima watatu, na mume akaamua nyumba ipi ipate. Jirani yetu alikuwa na hali ngumu zaidi. Hakuzaa mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki alioa, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu: mwanamke anamtolea mahari binti, na watoto wa binti huyo wanakuwa wa nyumba yake. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye ng'ombe, na shambani anafanya kazi pamoja na mkewe. Mpango ulisema kaya zinazoongozwa na wanawake zipewe kipaumbele. Hapa palikuwa na kaya yenye wanawake wawili, bila mwanamume hata mmoja, na ikaachwa. Baadaye mjumbe wa kamati alimweleza baba, nami nikisikia, kwamba walishindwa kujua waandike jina gani, na tena walidhani hana fedha ya kuongezea, hivyo vocha ingepotea. Sababu hizo mbili zingeweza kumalizwa kwa swali moja kwa mhusika. Lakini swali hilo lingemleta kwenye chumba ambamo orodha ilikuwa ikiandikwa.

Wakati sisi tulikuwa na karatasi ukutani na watu kimya, huko Ulaya watu walikuwa na kelele na hawakuwa na karatasi. Ruzuku za kilimo za Umoja wa Ulaya ni miongoni mwa mifuko mikubwa ya fedha za umma duniani, na kwa miongo kadhaa majina ya wapokeaji yalikuwa siri ya ofisi. Mwaka 2004 waandishi wa habari wa Denmark, wakitumia sheria ya haki ya kupata habari, waliyatoa ya nchi yao. Mwaka 2005 yakatoka ya Uingereza, na kwenye orodha ya wakulima waliosaidiwa na serikali wakakutwa Malkia Elizabeth na mwanawe Charles. Umoja wa Ulaya ukaamuru kila nchi itangaze. Kisha mkulima mmoja wa Ujerumani na kampuni moja ya kilimo ya huko wakaenda mahakamani wakisema wanavuliwa nguo hadharani, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakubaliana nao kwa sehemu: kutangaza majina ya watu binafsi bila kujali kiasi walichopata kulivuka mipaka. Mwaka 2013 sheria iliandikwa upya. Majina yakarudi, ila wanaopata fedha kidogo sana wakaachwa bila kutajwa.

Uamuzi ule ulitoka mwezi mmoja kabla sijasimama mlangoni pa ofisi ya kijiji. Nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja nacheka kidogo. Majaji wa Luxembourg walikuwa wakipima kama mkulima wa Hesse atadhurika jirani yake akijua. Kwetu jirani alikuwa anajua kila kitu, na aliyeweza kudhurika ni yeye mjuzi.

Hata hivyo sitaki kuidharau karatasi ile. Ilifanya jambo ambalo hakuna ruzuku iliyotangulia iliwahi kufanya: ilimpa mtu aliyenyimwa kitu cha kunyooshea kidole. Kabla ya hapo angeweza kusema tu kwamba serikali haitujali. Sasa angeweza kusema kumi na nne. Hakusema mwaka ule, lakini neno lilikuwepo. Msimu uliofuata vijana wawili wa kijiji chetu walinakili orodha kwenye daftari kabla haijabanduliwa, na kwenye mkutano mmoja wao akauliza ni kwa nini majina matano yanafanana ukoo. Hakujibiwa vizuri, lakini kamati iliyofuata ilikuwa na sura mpya, na jirani yetu alipata vocha msimu wa 2012/13. Baba hakuandikwa tena. Alisema alikuwa amechoka na usumbufu wake.

Mwisho wa mpango ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Msimu wa 2014/15 serikali ilijaribu njia ya mikopo kwa vikundi, msimu uliofuata vocha zikarejeshwa, na mawakala wakaanza kudai hawajalipwa. Madeni hayo yalizungumzwa bungeni kwa miaka. Serikali ya awamu ya tano ilisema isingelipa kabla ya kuhakiki, ikapeleka watu vijijini na orodha mkononi kuuliza: wewe ulisaini, ulipata? Ikatangaza kwamba imekuta udanganyifu mwingi. Mawakala waaminifu, nao walikuwepo, walisubiri pamoja na wezi, na baadhi maduka yao yalifungwa. Naona jambo moja ambalo halikusemwa sana wakati ule. Uhakiki huo uliwezekana kwa sababu tu kulikuwa na majina. Ruzuku ya usafirishaji ya 2003 hakuna angeweza kuirudia nyumba kwa nyumba akaipima.

Kuna orodha nyingine Nyanungu ambayo watu wa mikoa mingine hawaifikirii. Tembo wakitoka hifadhini usiku wakamaliza shamba, mkulima anastahili kifuta jasho, na mnyama akiua mtu familia inapata kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa kifo na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu, na kwa mazao kiasi kwa ekari, kisichozidi ekari tano, kinachopanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Kwa kanuni hizo, aliyelima karibu zaidi, ambaye tembo humfikia kwanza, alipangiwa kidogo zaidi. Madai huandikwa kijijini, hupita wilayani, huenda Wizara ya Maliasili na Utalii. Majibu yakirudi huja kama jina na kiasi, mara nyingi baada ya misimu mitatu ya mahindi. Na shamba lililoliwa halibaki kuwa ushahidi. Mvua moja ikinyesha, nyayo zimekwisha. Kinachobaki ni jirani anayekumbuka.

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya mbolea. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei kiasi kwamba mfuko wa DAP wa kilo 50 uliuzwa zaidi ya shilingi 130,000. Kwa ruzuku ukashuka hadi 70,000. Bajeti ilitenga shilingi bilioni 150. Safari hii hapakuwa na kuchagua nani maskini zaidi. Kila mkulima aliyesajiliwa alistahili kulingana na ekari zake. Jina linaandikwa kijijini, linaingizwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, mkulima anapata namba kwa ujumbe wa simu, anakwenda nayo kwa wakala, na mfuko wenyewe una alama ambayo wakala anaisoma kwa simu yake kabla ya kuutoa.

Ni mfumo bora kwa mambo mengi. Wakala hawezi kirahisi kuuza mfuko mmoja mara mbili. Yule wa mwaka 2010 asingeweza kutulipa fedha ya ada kwa mfuko ambao haukutoka dukani. Dodoma inaona kila mfuko. Lakini haukuziba kila tundu. Serikali yenyewe ilikiri kwamba mbolea ya ruzuku ilikuwa ikivushwa kwenda nchi jirani, na kwetu, ambako Kenya ni mwendo wa bodaboda, hilo halikumshangaza mtu. Mfuko ukivuka mpaka, mfumo unaonyesha uliuzwa kihalali kwa mkulima halali mwenye ekari kadhaa. Ekari hizo zipo au hazipo? Anayejua ni yule anayepita njia ya kisimani, na yeye haoni tena orodha. Iko mahali fulani kwenye kompyuta. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu kuandika barua kuiomba na kusubiri jibu kwa siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa ofisa sababu ya kusita. Zote mbili ni sheria nzuri, ila zimeandikwa kwa mtu mwenye sanduku la posta.

Wapo watakaosema kwamba ukimya wa jirani yetu mwaka 2010 ulithibitisha kuwa karatasi haikuwa na faida, basi tumepoteza nini? Mimi nasema ilimchukua miaka miwili tu. Orodha ilibandikwa, wengine wakainakili, swali likaulizwa, kamati ikabadilika, naye akapata mifuko yake. Uwazi ulifika kwa mwendo wa watu wanaopaswa kuishi pamoja, ambao ni mwendo wa polepole. Mfumo mpya umeondoa hatua ya kwanza, na bila hiyo nyingine hazina pa kuanzia. Ningekuwa na uwezo ningeamuru kitu cha bei ndogo sana: kila msimu mtendaji achapishe majina ya kijiji chake, ekari zilizosajiliwa na mifuko iliyochukuliwa, bila namba za simu, bila namba za vitambulisho, abandike mlangoni. Na mkutano usimamiwe na mtu asiyetoka kijijini hapo, ili mwenye swali asiwe anamuuliza mwenye mhuri wake.

Nilikwenda nyumbani Februari 2023. Baba alikuwa ameshafariki. Jirani yetu macho yamefifia, watoto wa nyumba yake wamekua, mkubwa anaendesha bodaboda. Alinipa simu yake ndogo ya tochi nimsomee ujumbe. Nikamsomea: jina lake kamili, safari hii limeandikwa sawasawa, na namba ndefu.

"Ekari ngapi?"

"Moja na nusu, mama."

Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akasema, "Na wengine?"

Nikamwambia hiyo haisomeki kwenye simu. Kila mtu anaona ya kwake.

"Rudi nyuma uangalie," alisema. "Labda umeruka."

Nikabonyeza kurudi nyuma. Kulikuwa na ujumbe wa kampuni ya simu kuhusu vifurushi, na mmoja wa mjukuu akisema amefika salama. Nikamsomea yote mawili.